Mstari Mwekundu wa Bi Hapana

Katika hospitali ile palikuwa na dirisha moja ambalo wagonjwa walilikaribia kwa adabu kuliko mlango wa daktari mkuu. Lilikuwa dirisha la maabara, lenye wavu wa chuma na kitundu cha kupitishia karatasi na mkono wa kutolewa damu. Nyuma yake alikaa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, koti jeupe limepigwa pasi hadi kwenye vifungo. Watu walimwita Bi Hapana. Ukimwuliza kama majibu yako tayari, hapana. Ukimwuliza kama unaweza kungojea ndani, hapana. Ukimwuliza kama amekasirika, hapana, na hapo ndipo ungejua kwamba amekasirika tangu asubuhi.

Tusimwonee, lakini. Kazi aliijua. Kwa miaka thelathini na mmoja alipima damu, mkojo na makohozi ya mji mzima, na daktari aliyepata jibu kutoka kwake hakuuliza mara ya pili. Majibu yote aliyaandika katika kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, na kitabu hicho kilikuwa na sheria yake. Jibu likikosewa halifutwi. Linapigwa mstari mwekundu mmoja, ili bado lisomeke, na chini yake unaandika jibu sahihi, sababu ya kosa, na herufi za jina lako. Wenzake wote walikuwa na mistari yao. Yeye hakuwa na hata mmoja. Waliokuja kujifunza kazi aliwafungulia vitabu vya nyuma, kimoja baada ya kingine, wajionee kurasa safi, kisha akawauliza wao wanafikiri watafika wapi.

Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo. Hakuolewa wala hakuzaa. Alikaa na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ukuta wa hospitali, na jioni aliporudi alivua viatu, akala kimya, akalala. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua maabara.

Jina la Bi Hapana alibandikwa na shemeji yake, na hilo hakumsamehe. Mdogo wake wa kike, Bi Hapana ndiye aliyemlea, alimsomesha mwenyewe, akamtafutia nafasi katika chuo cha uuguzi. Binti akaiacha nafasi na kuolewa na mtu wa machinjioni. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kupasua matumbo. Ng'ombe akishaning'inizwa, yeye ndiye aliyetoa utumbo, ini na mfuko wa uzazi, mikono mitupu hadi viwikoni, kwa sababu glavu zilimfanya kisu kimteleze. Bi Hapana alisema mbele ya watu kwamba amelea muuguzi akachukuliwa na mtoa matumbo. Na yule bwana, siku ya harusi, alisimama kushukuru wakwe, akasema, "Nilipokwenda kuposa nilimwomba dada wa bibi harusi mambo saba. Akanijibu hapana saba. Basi jamani, nimeoa kwa Bi Hapana." Watu walicheka hadi viti vikalia. Harusi ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu wafagiaji wa hospitali walikuwa wameshalijua jina.

Tangu siku ile ilipita miaka kumi na miwili, na wawili hao hawakuzungumza zaidi ya salamu. Damu zao hazikupatana, na kila mmoja alilitunza jambo hilo vizuri.

Kisha, siku moja ya mvua, shemeji alijitokeza dirishani. Alikuwa amekonda, macho yamezama. Kwa miezi mitatu homa ilimpanda kila jioni, jasho likalowesha shuka, mgongo na kichwa vikamuuma bila kupumzika. Alikuwa ameshakunywa dawa za malaria mara nne. Hatimaye mganga wa machinjioni alimwandikia kipimo cha brusela, ugonjwa ambao watu huupata kwa ng'ombe waliotupa mimba, kwa damu yao, kwa vizazi vyao na kwa maziwa mabichi.

"Habari za kazi, shemeji," alisema.

"Mkono," alisema Bi Hapana.

Akamtoa damu bila kumtazama usoni. Kipimo chenyewe hakina maajabu. Unachukua tone la majimaji ya damu na tone la dawa ya rangi ya waridi, unayachanganya juu ya kigae cheupe, unakitikisa kigae polepole kwa dakika nne. Rangi ikigandana na kuwa chembechembe, brusela ipo. Ikibaki laini, hakuna. Nyuma ya mgongo wa shemeji, kwenye foleni, watu kumi na tano walikuwa wakingoja. Alipima mara moja tu. Rangi ilibaki laini. Akaandika kitabuni, akapitisha karatasi kwenye kitundu.

"Hapana," alisema.

"Lakini naumwa, shemeji. Hata miguu siku hizi hainisikii."

"Kichwa cha kila asubuhi na miguu isiyosikia, hilo halina kipimo hapa. Ulizia chupa zako."

Foleni nzima ilicheka. Yule bwana alikuwa ameacha pombe miaka minne iliyopita, na Bi Hapana alilijua hilo, maana mdogo wake alikuja hadi nyumbani kulitangaza kwa furaha. Alimwona shemeji yake akikunja karatasi mara mbili, akiitia mfukoni, akiondoka huku ameshika ukuta. Alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi siku nzima.

Neno lililotoka dirishani lilitembea lenyewe. Mama mtu alilipokea nyumbani siku hiyohiyo na kulipeleka kwa kila aliyemjua. Mchinjaji alipoanza kuyumba barabarani mchana kweupe, watu walitazamana. Alipoitwa asigeuke, walisema kiburi. Alipoanza kusahau majina ya watoto wake na kugomba na nguo zilizoanikwa, walisema pombe imeshamla ubongo. Msimamizi wa machinjio alimwona akipepesuka na kisu mkononi, akamwambia avue aproni asirudi tena. Na mama akaenda na mkoba kumchukua binti yake.

"Dada yako kampima," alimwambia. "Hana ugonjwa huyo. Dada yako hajawahi kukosea. Fungasha."

Mdogo mtu alifungasha. Alikaa kwa mama na dada yake wiki sita, akilala na watoto wawili sakafuni, na kila Bi Hapana alipoingia ndani yeye alitoka nje.

Mwezi wa nane tangu kipimo kile, majirani walimleta yule bwana hospitali kwa mkokoteni. Walimkuta ameanguka uani, akitapika, shingo imekakamaa, hajui leo ni siku gani. Wodi ya wanaume ilikuwa chini ya daktari mnene mwenye ulimi mkali, ambaye hata yeye na Bi Hapana hawakuwa na mapenzi. Alimtoboa mgonjwa mgongoni, akapeleka majimaji ya uti wa mgongo maabara. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi, sukari iko chini, protini iko juu. Hiyo ni sura ya kifua kikuu kilichopanda kwenye utando wa ubongo, na daktari akaanza kumtibu kifua kikuu. Kichwa kikatulia. Mgonjwa akamtambua mkewe, ambaye siku ile ya mkokoteni alitoka nyumbani kwa mama yake bila kuaga na hakutoka tena kando ya kitanda. Wiki tano akawa anapata nafuu. Wiki ya sita akarudi nyuma vibaya. Miguu ikamlegea kabisa, na asubuhi moja mkewe alimwita kwa jina mara tatu akiwa amesimama mgongoni pake, na yeye akaendelea kunywa uji.

Daktari alikuja maabara mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa mwaka mzima.

"Yule mchinjaji," alisema. "Kifua kikuu hakiniridhishi. Brusela ikipanda kwenye mishipa ya fahamu huvaa sura hiyohiyo. Inaziba masikio, inalegeza miguu, inavuruga akili. Na moja ya dawa ninazompa huidonoa brusela kidogo, ndiyo maana alipata nafuu halafu akaanguka."

"Alipimwa brusela. Hakuna."

"Nani alimpima?"

"Mimi."

"Mpime tena."

"Damu haibadiliki kwa sababu daktari amekwama."

"Bibi, huyu mtu nikikosea tena nitamzika. Akipona akiwa kiziwi, hiyo itakuwa bahati yake. Pima damu, pima na majimaji ya mgongo. Majibu nayataka kabla sijaondoka."

Akatoka bila kufunga mlango. Bi Hapana aliufunga kwa kishindo. Akatwaa chupa ya damu iliyochukuliwa asubuhi ile, akaweka tone lake, akaweka tone la waridi, akatikisa kigae na kuhesabu dakika kwa saa ya ukutani. Dakika ya nne rangi ilikuwa laini. Hakuna hata chembe. Alisikia raha ikimpanda hadi masikioni. Aliwaza namna atakavyoiweka ile karatasi mezani kwa daktari, na maneno machache atakayoyasema. Akachukua kalamu.

Alipoinua kichwa kutazama tarehe kwenye kalenda, macho yake yakaangukia karatasi iliyobandikwa kando yake. Ilikuwa ya manjano kwa uzee, ncha zimekunjamana, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa miaka tisa nyuma. MTU WA MACHINJIONI AU WA MIFUGO: PIMA MBICHI, KISHA PIMA ILIYOZIMULIWA. MBICHI INADANGANYA.

Aliyeandika hivyo alijua sababu. Mtu aliyekaa na brusela muda mrefu, kinga katika damu yake hujaa kupita kiasi. Zinamzunguka kila kijidudu peke yake, na hakuna inayobaki na mkono wa kumshika wa pili. Bila kushikana hakuna chembe, na kigae kinabaki laini kana kwamba mtu ni mzima. Ukiizimua damu ile kwa maji ya chumvi, kinga zikapungua, ndipo vijidudu vinaposhikana na kuonekana. Kwa miaka tisa alimpima kila mchinjaji na kila mchungaji mara mbili. Aliwapima hivyo hata walevi wa kweli. Ni mtu mmoja tu aliyempima mara moja.

Mkono wenye kalamu ulibaki hewani. Aliogopa, na woga ule haukuwa wa mgonjwa. Alikuwa akiviogopea vile vitabu vya miaka thelathini na mmoja. Mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi ile hakuna aliyeisoma tena, ilishakuwa sehemu ya ukuta. Angeweza kuandika hapana ya pili, na hapana mbili zingelindana, na yule bwana angekwenda zake kwa ugonjwa ambao daktari mwenyewe alishauita kifua kikuu. Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko mtu mwema anavyopaswa. Kisha akajitukana kwa sauti, tusi la machinjioni kabisa, akaiweka kalamu chini, akapanga vichupa nane vya maji ya chumvi.

Alizimua damu mara mbili, mara nne, mara nane, na kuendelea. Kile cha kwanza kilibaki laini. Cha pili pia. Cha tatu kilianza kuonyesha mchanga pembezoni. Cha nne hakikungoja hata dakika mbili: rangi ilikatika vipandevipande, waridi kwenye maji meupe, na hadi cha mwisho ilikuwa hivyo. Akachukua majimaji ya mgongo, akayapima kama yalivyo. Nayo yakakatika. Alikaa kwenye kiti akatazama vigae vile hadi vikakauka.

Daktari alisoma karatasi mara mbili.

"Kwa hiyo ipo. Hadi kichwani."

"Ipo. Na damu nimeiweka kwenye chupa ya kuoteshea vijidudu. Chupa nyingine hutupwa siku ya tano, hii usiruhusu mtu aitupe. Hiki kidudu ni kivivu, nitakisubiri wiki tatu."

"Na ile hapana ya kwanza?"

"Ilikuwa mbovu."

Daktari alivua miwani. Kwa mara ya kwanza aliongea taratibu. "Andika damu iliharibika njiani, yaishe. Daktari mkuu hataki malalamiko, na mimi sitaki makaratasi. Hakuna atakayeuliza."

"Damu haikuharibika njiani. Ilitoka mkononi mwake ikaingia mkononi mwangu."

"Unajitafutia nini, bibi?"

"Sijakuuliza wewe unatafuta nini."

Akarudi maabara. Kalamu nyekundu ilikuwa kwenye droo, mpya, haijawahi kufunguliwa. Alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa siku ile ya mvua, akaweka rula, akapiga mstari. Ulitoka umepinda kidogo mwishoni, na hilo lilimuudhi kuliko mstari wenyewe. Chini yake akaandika: Ipo. Haikuzimuliwa. Kosa la mpimaji. Akatia herufi zake.

Alidhani yameisha hapo. Mgonjwa alibadilishiwa dawa siku hiyohiyo, vidonge vya aina mbili na sindano, na akaambiwa kwa maandishi kwamba ni matibabu ya miezi. Siku ya kumi na moja ile chupa ikaotesha vijidudu, vidogo, vinapendeza, na Bi Hapana akaandika ndiyo ya tatu. Baada ya mwezi shingo ililegea, homa ikakoma, akili ikarudi mahali pake, na mchinjaji akaanza kutembea wodini kwa fremu ya chuma. Masikio hayakurudi. La kushoto lilikuwa limekufa, la kulia lilibakiza mngurumo tu. Daktari alimwandikia kwenye daftari: Ungepewa dawa hizi siku ya kipimo cha kwanza, huenda ungesikia. Mgonjwa akamwomba kalamu, akaandika: Kwa nini sikupewa? Daktari hakuwa mtu wa kubeba mzigo wa mwenzake, akamwandikia habari yote ya kipimo na ya kitabu.

Siku mbili baadaye mdogo mtu alifika dirishani. Alisimama kama wagonjwa wanavyosimama.

"Mume wangu anasema ukilete kitabu. Jumapili, saa ya kuona wagonjwa."

"Kitabu hakitoki maabara. Hapana."

"Dada," alisema mdogo wake, "mimi sikuja kukubembeleza. Nimekuja kukwambia."

Jumapili Bi Hapana alilivaa koti lake, akakichukua kitabu, akakibeba kifuani hadi wodi ya wanaume. Alipofika mlangoni aligundua kwamba ametegwa. Mgonjwa alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa, amevaa shati. Upande mmoja alikaa mkewe, upande wa pili mama mtu, mkoba mapajani. Miguuni pa kitanda alisimama msimamizi wa machinjio, kofia mkononi. Vitanda vingine vyote vilikuwa vimejaa watu na wageni wao. Shemeji alikuwa amewaita kwa barua, kila mmoja na yake.

"Soma," alisema. Hakujisikia mwenyewe, kwa hiyo sauti yake ilitoka kubwa mno, na wodi nzima ikageuka kutazama.

Bi Hapana alikitua kitabu kwenye meza ya dawa. "Namba mia nne na kumi na saba," alisoma. "Mwanamume, miaka arobaini na moja, machinjioni. Brusela, hapana." Aliweka kidole kwenye mstari mwekundu. "Imepigwa mstari. Ipo. Haikuzimuliwa. Kosa la mpimaji."

Msimamizi alianza kuikunja kofia yake. Mama alimtazama binti yake mkubwa kama anayemtazama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mgonjwa hakuyatoa macho yake kwenye midomo ya Bi Hapana.

"Sikusikia," alisema. "Rudia."

Mtu fulani kitanda cha mbali alicheka, akajizuia. Bi Hapana alisikia damu ikimpanda usoni. Alimchukia yule bwana wakati ule kuliko siku ya harusi, kuliko siku zote, na akajua kwamba hana haki hata ya chuki hiyo. Akasoma tena kuanzia namba, kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Kwa nini haikuzimuliwa?" aliuliza shemeji.

Hilo kitabu hakikulisema. Angeweza kusema foleni ilikuwa ndefu. Angeweza kusema alisahau, watu husahau. Mama yake alikuwa ameshafungua mdomo amsaidie.

"Kwa sababu ilikuwa damu yako," alisema Bi Hapana.

Mgonjwa alitikisa kichwa kwamba maneno yamempita, akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa na lile daftari magotini, na kalamu. Kila neno la mwezi mzima alikuwa amemwandikia yeye. Safari hii aliifunika kalamu.

"Mimi sitamwandikia hilo," alisema. "Andika mwenyewe, dada. Na usiandike humu. Andika hapo."

Bi Hapana alitoa kalamu nyekundu mfukoni mwa koti. Chini ya herufi zake palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, na akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, uleule wa karatasi ya ukutani. Kisha akakigeuza kitabu na kukisogeza kitandani.

Shemeji alisoma akifuata maneno kwa kidole. Kidole kilifika mwisho, kikarudi mwanzo, kikafika mwisho tena. Akakifunga kitabu, akamrudishia.

"Haya," alisema kwa sauti ile yake kubwa. "Hiyo nimeisikia."

Akajilaza, akageukia ukutani, na mkewe akamfunika shuka. Bi Hapana alikichukua kitabu akatoka nacho. Hakuna aliyemwambia kwaheri, wala yeye hakumwambia mtu.